Kali, Polepole, Pinda

Mkono wangu ulijifunza kutupa shambani kwa baba, nikiwinga ndege wasimalize mtama. Sikusoma sana, hiyo ndiyo shule ninayoweza kuitaja. Miaka ya themanini nilikuwa nafagia hospitali kule Flemingsberg, na Jumamosi tulicheza besiboli Norsborg. Watu huniuliza besiboli ilifikaje Sweden. Mimi niliikuta.

Kazi yangu ilikuwa kumtupia mpira mtu mwenye gongo, aukose. Nyuma yake huchutama mdakaji, anayekuonyesha kwa vidole utupe mpira gani: wa kasi, wa taratibu au wa kujipinda. Sasa mimi, na mke wangu alinicheka sana kwa hili, vidole vya mbali sivioni, na miwani sikuitaka. Mdakaji wetu alikuwa Mganda, rafiki yangu. Idi tulikula kwake, Krismasi kwangu. Akasema, "Nitakuitia kwa Kiswahili. Hawa watajua nini?" Basi akawa anaita: kali, polepole, pinda. Hakuna aliyetugundua.

Kisha viongozi wa timu wakakaa kikao, wakaniondoa. Walisema bega langu limekwisha. Rafiki yangu alikuwemo kwenye kikao hicho, akaangalia viatu vyake.

Nikahamia timu ya Hässelby. Mdakaji wa huko, Mswidi, nikamfundisha maneno yale yale matatu. Siku ya kurudi Norsborg kucheza nao, mke wangu aliniambia, "Baba watoto, badilisha hayo maneno. Rafiki yako si kiziwi."

"Yule hawezi kunisaliti," nikamjibu. Mimi nilikuwa nawaza bega tu, walione.

Na waliliona. Wapigaji wao wa kwanza hawakuugusa mpira. Rafiki yangu alikuwa benchi, akanipungia mkono, nami nikampungia. Halafu akasimama. Mdakaji wangu akaita "polepole", na kabla mpira haujanitoka mkononi, rafiki yangu akawatafsiria wenzake kwa Kiswidi. Mpira ukapigwa ukaenda zake hadi barabarani. "Kali." Akatafsiri. "Pinda." Akatafsiri. Benchi lao likawa linacheka, wanamwita profesa.

Kocha akanitoa. Nikapita mbele ya wale wa kikao, mmoja akasema, "Si tulisema? Bega."

Rafiki yangu akanifuata. "Ndugu yangu, usikasirike bwana. Ni mchezo tu."

Nikamjibu kwa Kiswidi kwamba treni yangu inaondoka. Tangu siku hiyo tukikutana stesheni tunaongea Kiswidi, changu kibovu, chake kibovu zaidi.

Krismasi mke wangu alisahau kwamba hatuna mgeni, akapika pilau ya sufuria kubwa. Tukaila hadi ikatuchosha.