Lenzi ya Baba Ndani ya Chungu cha Mbegu

Nikirudi kutoka kupiga picha migodini Masara huwa siongei na mtu mpaka kamera iwe safi. Vumbi la mashine za kusaga mawe ya dhahabu huingia hadi kwenye meno, sembuse kwenye kamera. Nakaa uani kwetu Homa Bay, natandika leso kuukuu, natoa betri, kisha napuliza kwa pampu ya mpira. Ukifuta kabla ya kupuliza, unasugua kioo kwa mchanga. Mama ananijua, huniwekea chai na kuondoka.

Siku moja nilimaliza kusafisha vifaa vyangu, nikamwomba anipe lenzi ya baba.

Marehemu baba alikuwa mpiga picha wa mji huu, na lenzi hiyo ndiyo kitu pekee cha kazi yake kilichobaki. Unyevu wa ziwa ulikuwa umeanza kuiotesha kuvu pembeni mwa kioo, nyuzi nyembamba kama za buibui. Kwa hivyo sikuibeba kwenda vumbini. Nilimwachia Mama nikamwambia, "Itafutie mahali pakavu, la sivyo itaoza." Nikaenda zangu.

Mama akaingia jikoni, akatoka na chungu chake cha mbegu za maharagwe. Akazamisha mkono kwenye jivu linalozuia wadudu, akaitoa lenzi, akaikung'uta pajani.

"Ona, kavu kabisa," akasema, na uso wake ulikuwa wa furaha tupu.

Wueh! Nilipiga kelele hadi majirani wakachungulia. "Jivu, Mama? Jivu? Umeniulia lenzi ya baba!" Nikazungusha pete ya lenzi, ikakwaruza, krr, krr. Jivu lilikuwa limepenya hadi ndani, mahali ambapo pampu haifiki. Nililia kwa hasira, mtu mzima mimi.

 Mama alikaa chini kando yangu, akachota maharagwe machache chunguni na kuyafuta kwa upindo wa nguo.

"Haya ni ya mbegu aliyoniachia babako," akasema. "Kila msimu napanda, nabakisha. Ndani ya jivu haijawahi kuniozea hata moja." Akayarudisha chunguni. "Sasa, nyathina, mwanangu, kama jivu ni kosa, cha babako nikitunze na nini?"

Hasira yote ilinitoka, nikabaki na aibu. Nilimwonyesha. Tulikaanga mchele mkavu bila mafuta, tukaungoja upoe, tukaufunga kwenye kitambaa na kuuweka ndani ya ndoo yenye kifuniko cha kubana. Lenzi tukailaza juu yake. Mama aliuliza mara mbili kama kweli mchele unaweza kufyonza unyevu. Nikasema unaweza.

Lenzi bado inapiga. Pete inakwaruza, na picha zake zina ukungu kidogo. Fundi mmoja wa kamera alitaka kuifungua, lakini alikiri kwamba anabahatisha tu, kwa hivyo nilikataa.

Niliporudi safari iliyofuata, nilipitia jikoni na vumbi langu lote, jambo ambalo sifanyi. Chungu kilikuwa kimeoshwa, kimeegemezwa ukutani. Nikafungua ndoo. Mbegu zote za baba zilikuwa mle, zimefutwa jivu mojamoja, zimeizunguka lenzi.

Nilirudisha kifuniko, nikakibana kwa mikono yote miwili.