Suruali ya Kuingilia Ukweni

Mke wangu alijifunza kuendesha baiskeli akiwa na miaka arobaini na mitatu, katika uwanja wa shule ninayofundisha hapa Karungu, jioni baada ya wanafunzi kurudi makwao. Utotoni alinyimwa. Kwao Lambwe kulikuwa na baiskeli moja, ya baba yake, na kaka zake waliipanda kwa zamu. Yeye alipoigusa, mama yake alimwambia aiache na achukue ndoo ya maji, kwa kuwa msichana hapandi vyuma. Alinisimulia kisa hicho mara nyingi, akicheka, ila kila mara alimalizia vilevile: "Siku moja nitaingia pale nyumbani nikiwa juu yake."

Alipoweza kuzunguka uwanja bila kuyumba, alimpigia mama yake simu. Nilikuwa kando nikisahihisha madaftari, na sauti ya mkwe wangu haihitaji spika.

"Wewe? Baiskeli? Kutoka Karungu?" Alicheka mpaka akakohoa. "Nitaamini nikikuona umeikalia ndani ya boma langu. Ukiingia ukiisukuma, nitajua umeshuka kwenye gari hapo barabarani ukaazima ya jirani."

Basi sharti likawa hilo. Kufika hakukutosha. Alitakiwa apite langoni miguu yote miwili ikiwa kwenye pedali.

Njia niliipima peke yangu mara mbili kabla ya siku yenyewe. Watu wakisikia upande ule hufikiria milima ya Gwassi na kuogopa, lakini ukiizunguka milima badala ya kuipanda, unaingia kwenye bonde lililo sawa kiasi kwamba unaweza kusahau kubadilisha gia. Niliacha lami kwa sababu ya malori, nikachagua barabara za murram, yaani za changarawe, na vijia vya katikati ya mashamba. Kwanza mtama na mahindi, kisha murram iliyonyooka, kisha msitu, na mwisho ua mrefu wa mbuga ya wanyama unaokwenda nawe mkono mmoja karibu mpaka kwa wakwe zangu.

Kama hujawahi kuendesha kwenye changarawe, nitakueleza kama nilivyomweleza yeye. Usijaze tairi upepo mpaka liwe gumu kama jiwe. Likibonyea kidogo chini ya kidole gumba, linatosha, maana tairi laini hushika mawe na gumu huyarukia. Shika usukani kama unavyoshika kifaranga, usimbane wala usimwache aende. Ukifika penye changarawe nyingi, usikamate breki. Inua macho, tazama mbali unakotaka kwenda, endelea kukanyaga. Baiskeli huenda macho yanakoenda. Anayetazama gurudumu lake huanguka juu ya gurudumu lake.

Hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Kila alipoona mawe yaliyolegea, macho yalishuka, breki zikalia, na mguu ukagusa chini.

Tuliteua Jumapili, kwa sababu mkwe wangu ni Msabato na Jumamosi yote yuko kanisani. Tulingoja pia siku mbili zipite bila mvua. Udongo mweusi wa bondeni ukilowa hujifunga kwenye magurudumu mpaka yakatae kuzunguka, na hapo unageuka wewe wa kuibeba baiskeli. Nilimwambia asivae gauni la bluu, maana mbung'o wa kule wanapenda rangi hiyo; ndiyo sababu mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha bluu. Nilimwambia afunge pindo la gauni kwa utepe wa mpira, lisiingie kwenye mnyororo. Hilo nililisema mara nyingi sana.

"Mwalimu," aliniambia tukitoka, "hata pindo lenyewe limesikia."

Mimi nilivaa kaptura ya kuendeshea. Kwenye mfuko nyuma ya kiti niliweka suruali nyeusi iliyopigwa pasi, nikaikunja ndani ya karatasi ya nailoni. Kwetu mkwe wa kiume hasimami mbele ya mama mkwe magoti yakiwa wazi. Unaweza kuchelewa, unaweza hata kuja na sukari kidogo, utasamehewa. Magoti, hapana.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri kuliko nilivyostahili. Ziwa lilibaki nyuma yetu, mtama ukasimama kila upande, na wanawake waliokuwa wakienda misa walipisha njia wakipiga makofi. Mwendesha bodaboda mmoja alipunguza mwendo akaenda sambamba na mke wangu.

"Mama, petroli imeisha?"

"Hii yangu inakunywa uji!" alimjibu, wala hakuyumba.

Kijana alicheka, akapiga honi mara tatu, akatuachia vumbi lake.

Msituni tulikwenda polepole kwa hiari. Migunga ilikuwa imefunika njia, ardhi ilikuwa na baridi, na matairi yalikuwa yakitoa sauti ndogo kama mtu anayepepeta mchele. Njiwa walinyamaza tulipopita, kisha wakaanza tena nyuma yetu. Mke wangu aliimba wimbo wa kanisani, ubeti mmoja tu, kwa kuwa wa pili ulimkata pumzi.

Lakini mawe yalikuwa mawe. Mara tatu tulikuta changarawe mpya, na mara tatu aliweka mguu chini.

"Nikifanya hivi langoni," alisema, "atanicheka mpaka Krismasi."

"Tazama mbali," nikaanza.

"Najua, Mwalimu. Macho ndiyo hayajui."

Kabla ya kutoka kwenye kichaka cha mwisho nilimwomba atangulie, nikavaa suruali yangu juu ya kaptura. Nilikuwa na furaha na haraka, nikapanda nimfuate. Sikwenda hata hatua hamsini. Niliusikia mguu wa kulia ukivutwa, kisha mlio mrefu wa kitambaa, kisha nikawa nimelala kwenye nyasi nimefungwa kwenye baiskeli yangu mwenyewe. Mnyororo ulikuwa umekula suruali kutoka kwenye pindo hadi juu ya goti.

Mke wangu aligeuka akarudi. Alinitazama, akatazama utepe wa mpira kwenye gauni lake, kisha akaketi chini kwa kicheko.

"Mwalimu, si kuna mtu alisema tufunge pindo?"

"Alisema."

"Na yeye alifunga?"

Aliufungua mnyororo kwa vidole vyake, akajipaka grisi shavuni bila kujua. Suruali haikuwa na msaada tena. Boma lilionekana kutoka pale, na langoni palikuwa pamemwagwa kokoto mpya, za kuzuia matope, zimetandazwa kutoka barabarani hadi uani. Tuliziona sote wawili kwa wakati mmoja.

Nilifungua mdomo.

"Usinieleze," alisema. "Umeshanieleza. Wewe huwezi kuingia hivyo. Twende, ukae nyuma ya ua wa boma."

Kwa hiyo siku niliyoingoja miezi yote ile sikuiona. Nilichutama nyuma ya ua wa mitupa, nimeshika goti langu kama mwizi, nikasikiliza. Nilisikia matairi yakiacha udongo. Nilisikia kokoto zikianza kulia chini yake, na nikangoja breki. Kokoto zikaendelea kulia. Ziliendelea, na ziliendelea, sauti moja isiyokatika, kisha kimya laini cha uwanja uliofagiliwa. Kisha kengele ya baiskeli, ikipigwa kama ya shule inayowaka moto.

Mlango ulifunguka. Halafu mkwe wangu alipiga vigelegele ambavyo naamini vilisikika hadi mbugani, akaita jina la mtoto wake tena na tena, akisema, "Zunguka! Zunguka tena nione!" Nikamsikia mke wangu akizunguka, mara moja, mara mbili, mama yake akimfuata kwa fimbo yake, tok, tok, tok, wote wawili wakicheka.

Walipochoka, sauti ile isiyohitaji spika ilivuka ua.

"Na orwa yuko wapi? Mkwe wangu amebaki njiani?"

"Yuko nyuma ya ua, Mama. Suruali imeliwa na baiskeli."

Kisha leso ya maua mekundu ikaruka juu ya mitupa, ikaniangukia kichwani.

"Jifunge hiyo uje unywe chai," alisema mkwe wangu. "Mimi nimegeuka, natazama jikoni. Na pindo lifunge vizuri."