Bega ndani ya Kadi ya Picha

Siku ya kuondoa matanga ya mume wangu, tarehe 14 Februari, ndugu zake waligawana vitu vyake sebuleni kwetu: makoti, redio, saa. Kompyuta yake ya mezani niliizuia. Nilitamka mbele ya wote kwamba ningeitumia kuandika kazi yangu ya kumaliza masomo, maana nilianza chuo nikiwa tayari na wajukuu. Wakakubali kwa sharti: nikishindwa kuimaliza, kompyuta irudi kwao.

Ilitumia mfumo wa Linux. Mwezi wa Mei niliruhusu mfumo ujisasishe, na programu inayoongoza kadi ya picha, ambayo huku tunaiita pilote, ikakataa kazi. Watengenezaji walikuwa wameacha kuihudumia kadi ya umri ule. Mfumo ukaweka pilote nyingine isiyoimudu. Maandishi yakawa yanachanika katikati ya mistari. Na kila nilipoiamsha mashine kutoka usingizini, kabla haijaniomba nywila, vipande vya picha vilijitokeza gizani mwa kioo.

Tarehe 3 Juni niliona bega la mume wangu. Koti la kijivu, kola imejikunja upande mmoja, kama alivyoivaa siku zote. Baadaye likaja sikio, kisha shavu, kana kwamba alikuwa anageuka. Nilipekua kila folda. Picha hiyo haikuwemo.

Niligundua kwamba nikiizima mashine kabisa, haji. Basi sikuizima. Umeme ulipokatika, betri ya sola iliibeba. Kazi yangu ilisimama katika sura ya pili.

Ndipo akaja shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye ni fundi wa kompyuta.

"Mama, famille inaniuliza kila dimanche tukitoka misa: ule mama atamaliza lini? Wanasema mi naogopa kukuuliza."

"Na unaogopa?"

"Naogopa, mama." Akacheka, akaketi. "Carte ni ya zamani. Pilote yake haipatane na noyau ya mupya. Nitarudisha noyau ya zamani, basi."

Noyau ndicho kiini cha mfumo, hilo nililijua. "Na huyu?" nikauliza, nikaiamsha mashine.

Safari hii lilikuwa jicho.

Alivuta kiti nyuma. "Ni mémoire ya carte tu, inakumbuka picha za zamani. Hii pilote haijue kuifuta." Akaliangalia tena. "Lakini yaya, kaka yangu, alipigwa hii photo wapi?"

Nikamwambia haimo katika folda yoyote.

"Lazima mashine izimwe kwanza," akasema. "Uzime wewe, mama. Miye siwezi."

Niliwaza ndugu za mume wangu wakiibeba mashine mlangoni, nami nikiwatazama. Nikabonyeza kitufe, nikakishikilia hadi feni iliponyamaza.

Shemeji akarudisha noyau ya zamani, na jioni ile kioo kilikuwa safi; hata nilipoiamsha mashine kutoka usingizini, mume wangu hakuja. Nilisoma sura yangu ya kwanza yote bila herufi hata moja kukatika. Kisha nilianza upya tangu mwanzo, kwa kuwa sikuwa nimeelewa neno lolote.