Vidole vya Annah Mwelu

Tangu alipohamia Mutuini, pembezoni mwa jiji, kutoka Machakos pamoja na mumewe, Mwanzia, Annah Mwelu alikuwa msomaji wa masomo ya Jumapili katika kanisa lao dogo. Aliipenda kazi hiyo kuliko shamba na kuliko cherehani. Mwaka 1971 herufi zilianza kumfifia. Daktari wa macho katika hospitali kuu, karibu na Upper Hill, alimweleza bila kumficha kwamba uoni wake ungeendelea kupungua hadi asiweze kusoma kabisa. Akamwelekeza kwenye darasa la watu wazima wasioona, lililofanyika katika ukumbi mmoja upande wa Dagoretti.

Annah alijiunga akiwa na nia moja tu: asiipoteze nafasi yake ya kusoma mbele ya waumini.

Breli, yale maandishi ya nukta zinazoinuka kwenye karatasi, alifundishwa na Mwalimu Zedekiah Were, ambaye mwenyewe hakuona tangu utotoni. Haukupita muda Annah akawatangulia wenzake wote. Nthiwa, aliyekuwa seremala kabla ya kupofuka, alilalamika kwamba mama huyu bila shaka alizaliwa na vidole vya ziada. Darasa likacheka, na Annah akafurahi kimyakimya.

Asubuhi moja wingu zito lilitanda, na usomaji wake ukapungua mwendo. Mwalimu akamsimamisha, akasogea hadi kwenye benchi lake, lililokuwa dirishani, akamwomba aendelee huku yeye akisikiliza.

“Mama Kanini,” akasema kwa upole, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, “sauti yako inaishia kwenye karatasi. Umeinama. Na vidole vyako sivisikii vikipita. Unanisomea kwa macho.”

Annah hakuweza kukana. Mwanga ukizipiga kutoka upande, nukta za Breli hutupa vivuli vidogo, naye alikuwa akisoma vivuli hivyo. Mwalimu hakumgombeza. Alimweleza kwamba wengi waliobakiwa na uoni kidogo hufanya vivyo hivyo, na kwamba siku macho yatakapokoma, usomaji huo wote utakoma nayo. Kisha akaazima aproni ya mpishi wa ukumbi, akamfunga Annah shingoni, akaitandaza juu ya mikono yake na karatasi.

“Sasa anza upya, herufi ya kwanza.”

Alirudi nyuma ya kila mtu. Nthiwa alimkaribisha mkiani kwa heshima zote, akamhakikishia kwamba huko hakuna msongamano. Nyumbani alijizoeza chini ya leso, lakini vidole vilivyokomazwa na jembe vilichanganya nukta mbili na tatu, na mara kadhaa alilia. Wakati huo zamu yake kanisani ilikuwa imepewa Caren, kijana wa kwaya, na mzee wa kanisa aliahidi kumrudishia atakapokuwa tayari.

Mwanzia alikuwa mpanga herufi katika kiwanda kimoja cha uchapaji River Road. Jioni moja alimkuta mkewe akitoboa nukta kwa kibao cha kuandikia Breli na msumari wake butu, kutoka kulia kwenda kushoto, ili zijitokeze sawasawa karatasi itakapogeuzwa. Akacheka.

“Kumbe tunafanya kazi moja, Mama Kanini. Mimi pia kutwa napanga maneno yakiwa yamegeuka, ili yasomeke yakishachapwa.”

Tangu siku hiyo alimsomea masomo ya kanisa polepole, naye Annah akayaandika.

Jumapili aliyorudi mbele ya waumini, alisoma akiwa ameinua uso kuwaelekea. Katikati ya somo mstari ulimpotea. Akarudisha kidole mwanzo wake, akautafuta, akaupata. Usomaji ulichukua muda mrefu kuliko zamani, na alipomaliza, Caren ndiye aliyetangulia kuitikia amina.

Nje ya kanisa mzee alimwuliza kama angekubali pia somo la Krismasi.

“Nitakubali,” Annah akajibu, “ila nielezeni mapema ni sura gani. Naandika taratibu.”

Mzee akamtajia sura hiyo papo hapo.