Bi Nassra na Sinia la Uroa

Mtaani kwake, Mji Mkongwe, wanamwita Bi Nassra Kinyaa. Anajua, na wala hajali. Bora aitwe hivyo kuliko kunywa maji kwenye gilasi iliyokwisha kupita midomo ya watu. Ni fundi cherehani, anashona nguo za maharusi katika chumba cha ghorofani, na mteja akija, hata akiwa bibi harusi mwenyewe, hakigusi kitambaa mpaka akanawe. "Sugua na kucha," humwambia. Ndivyo alivyomlea na mwanawe wa pekee, Muzdalifa: sugua na kucha, suuza tena, usile majumbani mwa watu. Na mtoto huyo, kalelewa wee kama yai, mwisho akaolewa wapi? Uroa, kwa wavuvi na wakulima wa mwani! Bi Nassra alilia siku nzima, na watu wakadhani ni furaha.

Siku ya harusi huko Uroa aliumbuka, tena kwa mikono yake mwenyewe. Alipowekewa chakula, alifungua mkoba, akatoa kijiko chake, akatoa na kikombe chake, halafu akaifuta sahani ya wenyewe kwa kitambaa, nje na ndani, wanawake wote wanamtazama. Mama mkwe wa Muzdalifa, Bi Sichana, alimtazama mpaka akamaliza. Alitafuna tambuu yake tu. Tangu siku hiyo Bi Nassra hakurudi tena Uroa.

Sasa Muzdalifa ana mimba kubwa, ya kwanza, na mimba ya kwanza mtoto wa kike huenda kujifungulia kwa mama yake. Hilo halina mjadala. Bi Nassra alishapaka chokaa chumba, alishashona nepi, alishafua chandarua mpaka kikataka kuchanika. Mwisho wa Ramadhani, simu ikalia.

"Mama, njooni tule Idi huku," alisema Muzdalifa. "Ukikaa sinia moja na mama mkwe wangu, mbele za watu, nnakuja kujifungulia kwako. Ukitoa kile kijiko tena, nnabaki hapa hapa. Atanilea yeye."

"Unanitilia masharti, mimi mama yako?"

"Nnakutilia."

Basi Idi Pili hao wakashika njia, yeye na mumewe Anwar, jua la kaskazi linachoma na kiyoyozi cha gari kilishakufa zamani. Kijiko kimebaki nyumbani. Bi Nassra alijiona kama yuko uchi.

Walipofika Mwanakwerekwe, Anwar akasimama sokoni. Bi Nassra alidhani ananunua halua. Akarudi na majogoo wawili hai, wamefungwa miguu, ndani ya kikapu.

"Ebo! Hao wanakwenda wapi?"

"Zawadi ya wakwe, Mama Muzdalifa. Utakwenda kwa watu mikono mitupu?"

"Halua ina kasoro gani? Halua inakunya?"

Anwar alicheka tu. Kikapu kikawekwa kiti cha nyuma, na joto lile, Subhana Llah, ile harufu! Bi Nassra alitoa kichwa dirishani, akapokewa na moshi wa lori. Akakirudisha ndani, akapokewa na majogoo. Walipofika Dunga, jogoo mmoja akajinasua, akaruka, akatua begani kwake na kujisaidia hapo hapo, juu ya buibui jipya la Idi. Ukelele aliopiga, watu wa barabarani walidhani gari limegonga mtu.

"Mtu hafi kwa kinyaa," Anwar alimwambia, anamimina chupa nzima ya maji juu ya lile bega.

"Leo utaniona nnakufa."

Baada ya Chwaka ukaanza uvundo wa mwani unaoanikwa, na chini yake harufu ya samaki, na chini yake tena kitu ambacho Bi Nassra hakutaka kukijua. Alifumba macho. Akajifunza moyoni namna atakavyokula: tonge ndogo, asitafune, ameze, afikirie kile chumba cheupe. Mtoto mchanga wa Muzdalifa azaliwe kwenye uvundo huu? Hapana. Atameza. Hata wampe nini, atameza.

Uroa, Bi Sichana alitoka mbio kuwapokea.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba, mkwe mwenzangu! Karibuni, karibuni!" Akamkamata Bi Nassra mashavu yote mawili, na pembe za mdomo wake nyekundu kwa tambuu, akambusu huku na huku. Bi Nassra aliuhisi ule unyevu shavuni. Hakujifuta. Alitaka Muzdalifa aone kwamba hakujifuta.

Mlangoni kulikuwa na kuku wanapekua. Akavua viatu, akavibeba mkononi, akavipachika juu ya ukuta wasije wakavichafua. Kisha akaingia.

Wanaume walikwishakaa nje. Ndani wanawake walilizunguka sinia juu ya mkeka: wali wa nazi, na juu yake pweza, mikono yake mirefu inang'aa, vikombevikombe vile vyote vinamtazama. La haula! Muzdalifa, tumbo mbele, alikuwa anazunguka na birika na beseni kuwanawisha watu. Akamnawisha huyu, akamnawisha yule. Alipofika kwa mama yake akapita.

"Chako kile pale, Bi Nassra," alisema Bi Sichana, kwa upole kabisa. Pembeni palikuwa na kimkeka peke yake, na kitu kimefunikwa kwa kawa. "Sahani mpya, haijaliwa na mtu. Na kijiko kipya. Sisi tulishakujua, wala hatukulaumu. Kula kwa raha yako."

Kikafunuliwa. Wali mweupe, kipande cha nguru kisicho hata mwiba, kijiko kinameremeta na karatasi ya dukani bado imeganda mpinini. Usafi mtupu. Alimtazama Muzdalifa. Muzdalifa ameinamia beseni, hainui uso.

Bi Nassra akahisi kichefuchefu, na safari hii hakikutoka kwa pweza. Ile sahani nzuri ilimkirihi kuliko jogoo, kuliko mwani, kuliko tambuu. Hivi ndivyo watakavyomwekea mpaka anakufa, pembeni, kama mgeni asiyejulikana alikotoka, na mjukuu wake atamwona hapo.

"Sitaki!" akasema, sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Akanyanyuka, akajipenyeza baina ya Bi Sichana na jirani yake, akafumba macho, na kabla moyo haujambadilika akaupeleka mkono wote kwenye wali.

"Mkono!" Bi Sichana aliudaka juu juu, sinia zima likavutwa nyuma. "Bi Nassra! Mkono huo si umeshika viatu sasa hivi? Ala! Na sie tuna kinyaa!"

Wanawake wote walikuwa wamekunja nyuso. Wanamtazama vidole. Bi Nassra naye akavitazama vidole vyake, akaona vumbi la ua wa kuku mpaka chini ya kucha, na laiti ardhi ingepasuka angeingia.

Ndipo Muzdalifa akaja na birika. Akapiga magoti kwa taabu, tumbo linamzuia, akauvuta mkono wa mama yake juu ya beseni na kumimina.

"Sugua na kucha," alimwambia.

Bi Nassra akasugua. Hakuweza kuinua uso.

"Suuza tena," alisema Muzdalifa, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa kicheko, au kwa kitu kingine. "Haya. Kula, mama. Begi langu nshalifunga tangu jana."

Bi Sichana akamega mkono wa pweza, akaukunja ndani ya wali, akamtia mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe. Ulikuwa unateleza, ulikuwa na vile vikombe. Bi Nassra akatafuna.