Tairi Kubwa kwenye Mlango wa Baba

Tairi la spea lilikaa wiki tatu ndani ya gari, kati ya mabenchi mawili ya nyuma, na kila nilipoliona nilichoka upya. Nilikuwa nimebadilisha matairi yote manne nikaweka makubwa ya kukanyagia tope, kwa ajili ya njia ya shamba letu la Maramba. La tano likagoma kuingia uvunguni, mahali pa lile la zamani.

Matairi yenyewe niliyanunua kwa sababu ya baba. Masika yaliyopita tulikwama kwenye tope, akabebwa mgongoni na mkulima jirani mbele za watu, kanzu imempanda magotini. Baba si mtu wa kubebwa. Tulipofika nyumbani Usagara akasema hendi tena shamba mpaka gari liwe la kuaminika. Ana miaka themanini na tatu, na minazi mingi ya kule kaipanda kwa mkono wake. Nilitaka aione tena angali ana macho ya kuionea.

Goti lake la kulia halikunjiki, kwa hiyo hapandi mbele. Hupanda kwa mlango wa nyuma: huketi kwanza ukingoni mwa sakafu, mimi nikamwinua miguu, kisha akajivuta mpaka kwenye benchi na kunyoosha lile goti. Pale anaponyoosha mguu ndipo tairi lilipokuwa limelala. Ilibidi litoke, lifungwe kwa nje, mgongoni mwa mlango.

Fundi wa kuchomelea kule Makorora aliniamkia, akalizunguka tairi, akaguna.

"Mama, bawaba hizi hazitolibeba hili. Mlango utalala."

"Basi ziimarishe."

"Nitaziimarisha. Lakini mlango utakuwa mzito, nakwambia mapema."

"Nifungie tu, mwanangu. Nimechoka kulitazama."

Tulishinda juani. Mara ya kwanza lilikaa chini mno, likawa linagonga bampa. Tukalipandisha, likaziba kioo chote. Fundi akakata chuma, akachomelea, akakata tena, na kila mara tulilinyanyua pamoja, mimi na yeye, ushungi wangu umelowa jasho na maneno yangu si ya kusemwa na mtu mzima. Ilipoadhiniwa alasiri boliti zilikuwa zimeshika. Nililitikisa, halikucheza. Nilirudi nyumbani sina kiuno, lakini nilifurahi, sifichi.

Asubuhi baba alitoka na kanzu iliyopigwa pasi, kofia, bakora. Alilitazama tairi akaliridhia. Nikamfungulia mlango, akaketi ukingoni, nikainama kumshika miguu.

Kuna chuma chembamba kinachozuia mlango ule usijirudie. Fundi hakukigusa na mimi sikukikumbuka. Uzito wa tairi ulikipinda pale pale, mlango ukarudi, ukanipiga bega, kisha ukampiga baba kwenye goti lile lile. Alifumba macho, akashika bakora kwa mikono miwili.

Niliuegemea mlango kwa nyonga ili ubaki wazi, mikono ikawa haifiki miguuni kwake. Nilipomwendea, mlango ukanifuata. Hasira zilinipanda, nikautukana ule mlango mbele ya baba yangu, jambo ambalo sijalifanya tangu nizaliwe.

"Ngoja nimwite jirani aushikilie," nikasema.

"Usimwite mtu."

"Dakika moja tu, baba."

"Nimesema usimwite mtu."

"Basi nilifungue tairi, nilitoe, twende bila spea."

"Tukwame tena? Nibebwe tena?"

Alitafuta ardhi kwa mguu mzima, akasimama taratibu, akaikung'uta kanzu ingawa haikuwa na vumbi. Nilitamani kulia, lakini nilikuwa nimechoka hata kwa hilo.

"Kesho nitalirudisha gari kwa fundi," nikamwambia. "Ataweka chuma kinene, mlango usimame imara."

"Aweke, mwanangu," alisema, akiwa ameshaugeukia mlango wa nyumba. "Kitakufaa ukipakia nazi."