Mama Euphrasie wa Kasongo, Kimbilio la Mama Waliochoka

Alizaliwa Wamaza, eneo la Kabambare, mwaka 1974, Euphrasie Muzaliwa, binti wa wakulima wacha Mungu. Tangu komunyo ya kwanza alitamani jambo moja tu: kuwa mtawa. Vita vilimchelewesha, akawazika wazazi, akalima, akangoja. Mwaka 2009 masista wa Kasongo walikubali kumpokea.

Siku chache kabla ya kuingia utawani, mdogo wake Jeanine alifika kwake Kasongo kwa pikipiki kutoka Kabambare pamoja na bintiye Olga, mwenye miaka sita. Olga hakusema neno, hakulala, na alipoguswa alijigonga kichwa ukutani. Ukoo wa baba yake ulimwita mchawi, ukataka kumfungia bila chakula mpaka pepo amtoke.

“Yaya, nimechoka,” Jeanine alimwambia dada yake mkubwa. “Bamuchukue tu.”

“Lala kwanza. Mutoto niko naye.”

Jeanine alilala hadi mchana wa kesho yake. Euphrasie alimtazama akalia, kwa kuwa alitambua kwamba hakuna aliyewahi kumpokea mzigo huo. Wakwe walipofika, aliziba mlango: “Huyu hana uchawi. Mukitaka kumufunga, munifunge na miye.” Wakaondoka.

Akawaomba masista wamngoje mwaka mmoja. Muuguzi alimweleza kwamba hali ya Olga huitwa usonji. Mtoto huzaliwa nayo, wala si laana. Habari zikaenea, mama wengine wenye watoto kama Olga wakaja, Wakristo kwa Waislamu, hata kutoka Nyangwe. Waliwashika watoto kwa zamu, ili mmoja aende shambani, mwingine misani. Watu waliiita nyumba ile pango la wachawi, na sokoni mihogo yake ilikosa mnunuzi. Mwaka ule mmoja haukuisha kamwe. Kengele ya masista ilipolia alfajiri, alisimama na jembe mkononi, akasikiliza hadi iliponyamaza. Mounira, mmoja wa mama hao, mke wa mchimba dhahabu, alimwuliza kama anajuta.

“Sijute. Iko tu hamu. Namuambia Mungu vile, kila asubui.”

Alifariki kwa homa Mei 2022, bila kuvaa shela ya utawa. Mama wa zamu waliomba ngoma zisipigwe mazishini, ili watoto wao, wasiovumilia kelele, waweze kuja. Olga, ambaye siku zote alikimbia umati, alibaki kaburini, kiganja juu ya udongo, hadi watu wote walipotawanyika. Wengi huita jambo hilo ajabu. Jeanine husema tu kwamba binti yake alimkosa mtu wake.

Kanisa halijatamka neno juu ya Euphrasie. Lakini Kasongo na Kabambare zamu zinaendelea. Anayetaka kumwiga, ndugu mwamini, amkumbuke jirani asiyeonekana tena kanisani, apige hodi kwake, na aombe kumshika mtoto.